Mwaka wa Kungoja Waingereza Waondoke

Siku ya kuganduka, ndivyo sisi Warundi tunavyoiita siku ya kuanua matanga, ua wa baba mkubwa Gaspari hapa kambini Nakivale, Uganda, ulijaa watu mpaka wengine wakakaa juu ya matofali ya jirani. Walikunywa, wakamsifu. Mzee mmoja kutoka Rugaaga akasimama na kusema kwamba katika kambi nzima hajatokea msemaji wa posa kama marehemu: ukimpelekea maneno ya haraka anakurudishia maneno ya taratibu, na binti anayetoka mikononi mwake anatoka na heshima yake yote. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa jikoni, na kifuniko cha sufuria nikakibamiza kwa nguvu hata mama mkubwa Leokadia, mjane wake, akageuka. "Odeta," akaniambia, "pole pole. Ile sufuria haina kosa." Haikuwa na kosa, kweli. Lakini binti pekee aliyelelewa katika nyumba ile ni mimi, na mikononi mwa baba mkubwa sikutoka kwenda kokote. Sasa nina miaka thelathini na miwili, umri ambao kwetu mwanamke haitwi tena msichana, na hadi leo nikisikia mtu anasifu taratibu nataka kurusha kitu.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule ambao Uingereza ilikuwa inatoka katika umoja wa nchi za Ulaya na haitoki. Najua ni ajabu mkimbizi wa Nakivale kuhesabu maisha yake kwa mambo ya bunge la watu wengine, lakini sikujichagulia. Mchumba wangu, Thierry, alikuwa Mrundi mwenye pasipoti ya Ubelgiji, na kazi yake ilikuwa Uingereza, katika ghala la vipuri vya magari. Tulikutana Noeli iliyotangulia, alipokuja kumsalimia bibi yake kijiji cha pili kutoka kwetu. Alinikuta namsaidia bibi kuchambua maharage, naye akavuta ungo akakaa chini kuchambua, akaacha mawe yote ndani na kutupa maharage mazima. Nilicheka mpaka bibi akanikemea. Kabla hajaondoka tulikuwa tumekwisha kukubaliana, na nilimpenda. Hilo naliandika waziwazi kwa sababu mwaka ule kila mtu alilizungumzia jambo letu kama karatasi, na mimi mwenyewe nilianza kusahau kwamba lilikuwa jambo la mapenzi.

Karatasi zenyewe zilikuwa hivi. Kwa kuwa Thierry alikuwa raia wa nchi moja ya umoja na anafanya kazi katika nchi nyingine ya umoja, sheria ilimruhusu amlete mkewe akae naye bila masharti mengi. Kwao Ubelgiji, raia akitaka kuleta mke kutoka nje alitakiwa awe na mshahara wa kiwango fulani, na yeye hakuwa nao. Yaani nchi ya wageni ilimfungulia mlango ambao nchi yake mwenyewe ilimfungia. Njia yangu ilipita Uingereza tu, na ilikuwa wazi kwa muda ambao Uingereza imo ndani ya umoja. Ikitoka, hakuna aliyejua kitakachofuata. Tuliowauliza walituambia wenyewe wanangoja kuambiwa. Siku ya kutoka ilikuwa imetangazwa, mwisho wa mwezi wa tatu. Kabla ya siku hiyo tulitakiwa tuwe mume na mke wenye cheti.

Siku za kazi nilikuwa Mbarara, mtaa wa Kakoba, nikishona kwa Mama Hawa, na Jumamosi jioni nilirudi kambini. Nyuma ya karakana kulikuwa na chumba nilicholala, kitanda kimoja na magunia mawili ya vipande vya vitenge, na kila kitu mle kilinuka mafuta ya cherehani. Mbele, juu ya kabati la vioo, kulikuwa na televisheni ambayo Mama Hawa aliiwasha tangu asubuhi ili wateja wasichoke kungoja. Saa saba tulikula matoke na mchuzi wa karanga kwenye sahani moja kubwa, tukitazama Waingereza wanavyozomeana. Wanapiga kura, wanakataa. Kesho wanapiga kura nyingine, wanakataa hiyo pia. Mama Hawa alikuwa Mwislamu wa hapo hapo mjini, na Kiswahili chake alikipata kwa wanajeshi aliowashonea sare zamani. "Banange!" alisema, ndiyo jamani yao, akichovya tonge. "Hawa wazungu iko na shida gani? Kama mtu anataka kwenda, si anaenda? Hata kuku, nyabo, unafungua mlango, anatoka." Nyabo, yaani bibi, ndivyo alivyoniita. Nilicheka. Lakini mimi nilitaka kuku huyo achelewe kutoka kadiri iwezekanavyo, mpaka niwe nimeingia.

Kwa baba mkubwa habari hizo hizo zilisikilizwa kwa namna nyingine. Sebuleni kwake kulikuwa na viti vinne vyenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya parokia, na redio iliyofungwa mpira wa baiskeli ili mgongo wake usidondoke. Mchana wa Jumapili, baada ya misa, wazee walikuja kusikiliza taarifa ya Kiswahili, nami jikoni nikikanda ugali wa muhogo nilisikia kila neno, maana ukuta wa udongo hauna siri. Kulikuwa na jirani aliyeamini kwamba safari hii wataondoka. Baba mkubwa alimcheka. "Wewe haujaoa wanawake wenye kelele," alimwambia. "Ile ni kwahukana tu."

Kwahukana ni desturi yetu. Mke akikasirika anafunga mzigo anarudi kwao, si kwa sababu ndoa imekwisha bali ili iongelewe. Mume anamfuata na pombe, wazee wanakaa, kila upande unasema machungu yake, na mwisho mwanamke anarudi na kitenge kipya. Baba mkubwa alikuwa amesuluhisha kesi za namna hiyo sijui ngapi, na hakuona tofauti. "Mwanamuke mwenye anataka kuenda kabisa, anaenda," alisema. "Hawezi kukaa miaka miwili mulangoni anasema naenda, naenda. Huyu anangoja wamubembeleze. Mutaona. Bado wanazungumza, na watu wakiwa wanazungumza hakuna mwenye anaondoka." Wazee wakaguna kukubali. Nilijua amekosea, na nilijua pia kwamba kosa hilo linaelekea kwangu, lakini ningemwambia nini? Kwetu msichana haingii sebuleni kuwafundisha wazee maana ya kuachana.

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu Thierry akapata likizo ya wiki mbili, akaja, na ujumbe wake ukafika nyumbani kwetu ukiongozwa na mjomba wake, Mzee Bonifasi, aliyekuwa akiishi Ruti, pembeni ya Mbarara. Mama mkubwa alipika ndizi na samaki wa ziwani tangu alfajiri. Mimi nilifichwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa. Baba mkubwa alianza mchezo wake vizuri: akawauliza wageni kama wamepotea njia, kama wanatafuta mbuzi, kama wamesikia hapa kuna mgonjwa. Watu walicheka. Ilikuwa zamu ya Mzee Bonifasi kuzunguka, kusema tumeona ua zuri limepandwa kwenu, na kadhalika, saa nzima kama si mbili. Ndipo mzee wa watu, kwa kuwa Thierry alikuwa amemjaza hofu, akaharibu. "Gaspari," alisema, "utusamehe, hatuna muda. Ile inchi inatoka mwisho wa mwezi. Padri amekubali kutangaza Jumapili hizi mbili. Tunaomba tufunge ndoa mbele ya ile siku."

Nyuma ya pazia nilisikia vikombe vinawekwa chini. Katika posa upande wa mvulana hautaji siku. Siku hutajwa na wenye binti, na hata wao huitaja mwisho kabisa, baada ya kukataa kidogo, maana binti asiyekataliwa hata mara moja huonekana alikuwa hatakiwi kwao. "Kumbe," alisema baba mkubwa, "munamuomba binti yangu, ao munamukimbiza? Ni Waingereza wenye wanaoa hapa?" Mzee Bonifasi akajaribu kujieleza, akazidi kujichimbia. Kisha ikaja hukumu, kwa sauti ya upole ambayo niliijua. "Mutama yetu iko kwa shamba, bado midogo. Impeke ya harusi ya Odeta itatoka kwa ile mutama, haitanunuliwa sokoni. Mukuje mwezi wa munane. Wale Waingereza watakuwa bado wanazungumza." Impeke ndiyo pombe yetu ya mtama, na ni kweli kwamba binti wa heshima huagwa kwa mtama wa nyumbani. Ni kweli pia kwamba ningeweza kusukuma lile pazia. Nililishika, nikahisi kitambaa mkononi, na nikaliacha. Nimemlaumu baba mkubwa kwa mengi, lakini kimya kile kilikuwa changu.

Jambo lililonikera kupita yote ni kwamba alikuwa sahihi. Thierry alirudi kazini, na siku chache baadaye redio ikasema kutoka kumeahirishwa mpaka mwezi wa nne, halafu tena mpaka mwezi wa kumi. Jumapili iliyofuata baba mkubwa aliniita nile naye sebuleni, heshima niliyokuwa sijawahi kupewa. "Si nilikuambia?" alisema. "Haraka haraka haina baraka." Nikamjibu chini chini kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Alicheka sana, akaniwekea kichwa cha samaki kwenye sahani yangu. Alinipenda mzee yule. Hilo ndilo linalofanya hasira yangu isipate pa kukaa mpaka leo.

Basi tukalea mtama. Kila Jumapili baada ya misa nilikuwa shambani na kopo na fimbo, nafukuza ndege wasile harusi yangu. Thierry alipiga simu nikiwa kule kule kwenye mistari, ananieleza kwamba kazini kila mtu ana habari yake: mmoja anasema watatoka bila makubaliano na malori yatasimama bandarini, mwingine anasema hawatoki kamwe, meneja anasema ongezeni mizigo. Mwezi wa saba tukavuna. Mwezi wa nane mama mkubwa akasaga, akachemsha, akachachusha, na nyumba nzima ikanukia tamu na chachu. Siku ikafika, Mzee Bonifasi akafika na watu wake, Thierry hakufika. Ghala lao lilikuwa linajaza vipuri kwa kuogopa mwezi wa kumi, na likizo zote zilifutwa. Walimleta kwenye simu, sura yake ikakwama mdomo wazi kwa sababu ya mtandao, na baba mkubwa aliitazama ile sura kwa muda mrefu. "Binti hatolewi kwa telefone," alisema. "Akuje Noeli, na miguu yake." Pombe ikanywewa na majirani. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia kwa sauti, sikujali nani ananisikia, na mama mkubwa alikuja na maji ya kunawa uso.

Mwezi wa kumi wakaahirisha tena, mpaka mwisho wa mwezi wa kwanza. Baba mkubwa alipata jina kambini. Watu walikuja kumuuliza mambo ya Ulaya kama anayajua kwa kuzaliwa. Mimi nilianza kuamini naye. Nilijishonea gauni, rangi ya maziwa, nikilifanyia kazi Mama Hawa anaposwali adhuhuri, na yeye akajifanya haoni. Kisha, Novemba, tukiwa tunakula, Thierry alipiga. Alisema ghala linahamia Uholanzi. Mabwana wake wamechoka kutojua. Wateja wao wengi wako upande wa pili wa bahari na wamekataa kuendelea kubahatisha. Yeye ni miongoni mwa waliopunguzwa. "Lakini hawajatoka bado," nilimwambia, kama mjinga. "Walisema mwezi wa kwanza." Thierry akasema, "Odeta, hawakungoja watoke." Nilirudia maneno hayo kwa Mama Hawa baada ya simu kukatika, naye akanawa mikono akiwa hajamaliza kula. Miezi yote tulikuwa tunaogopa siku ya kuondoka. Siku yenyewe ilikuwa haijafika, na sisi tulikuwa tumekwisha kuharibikiwa.

Noeli hakuja. Alikuwa amerudi Ubelgiji, analala kwa dada yake, anafanya vibarua vya siku mbili tatu, na kwao, kama nilivyosema, mtu asiye na mshahara haleti mke. Nyumbani nilisema tu kwamba amepata shida ya kazi. Katika wiki ya mwisho ya Januari aliniandikia. Ulikuwa ujumbe mfupi, umeandikwa vizuri, nadhani aliuandika mara nyingi akifuta: usiningoje tena, sina cha kukuahidi, sitaki uzeeke kwa ajili yangu. Niliusoma nimekaa juu ya gunia la vipande vya vitenge, nikaweka simu mfukoni, nikaenda kumalizia sare za shule. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na haya, kama vile mimi ndiye niliyevunja kitu.

Asubuhi ya Jumamosi televisheni ikaonyesha kwamba Waingereza wameondoka. Wengine walikuwa wanapeperusha bendera na kuimba, wengine wanalia wameshikana. Mama Hawa alisimamisha cherehani. "Sasa kwenda gani hii," alisema, "nusu wanalia?" Jumamosi hiyo sikwenda kambini.

Jumatatu, kama saa nne, baba mkubwa akatokea mlangoni Kakoba. Hakuwa amewahi kuja pale hata mara moja. Alivaa koti lake la misa, viatu vina vumbi la njia. Mama Hawa akamkaribisha kiti na maziwa. Maziwa akapokea, kiti akakataa. Ndani alikuwemo mteja mmoja, mwalimu, anapimwa sketi.

"Yule mwanamuke ameenda," alisema.

"Ameenda, baba mukubwa."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Alikunywa maziwa yote, akampa Mama Hawa kikombe, akavua kofia. "Mupigie Thierry. Ao fanya ile ya kutuma sauti. Nataka kuzungumza." Nilimwambia Thierry atakuwa kazini. "Basi sauti," alisema. Nikabonyeza, nikamshikia simu karibu na mdomo.

Alisema kwa Kirundi, nami naiweka hapa kwa Kiswahili nikijua inapungua. Hakusema kama baba wa binti. Alisema kama mwombaji, maneno yale ambayo kwa miaka yote alikuwa anaambiwa yeye, na ambayo upande wa binti hauyasemi, kwa sababu anayeyasema ni kama anatembeza mtoto wake nyumba kwa nyumba. Alisema: mimi Gaspari nimefika langoni kwako, nimesimama, sijaomba kiti. Nimesikia kwenu kuna mtu mwema. Nina binti, anajua kazi, hana kiburi, aliyechelewesha ni mimi, yeye hakuchelewesha. Nakuomba umpokee, siku utakayotaja wewe, kwa pombe yoyote, hata ya kununua. Sauti ilimkatika kwenye neno la mwisho, akalirudia ili lisikike. Mwalimu, ambaye hakujua Kirundi, alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi machozi yalinitoka na hasira ikanitoka nayo kwa pamoja, kwa sababu maneno yale, yangesemwa mwezi wa tatu, hata nusu yake, yangetosha.

Kidole changu kilikuwa bado kwenye simu. Ujumbe wa Thierry ulikuwa pale pale juu ya skrini, usiningoje tena, na baba mkubwa bila miwani hakuweza kuusoma. Niliona kwamba nikiituma ile sauti, mzee wangu atakuwa amejishusha mbele ya mlango uliokwisha kufungwa, na Thierry atalazimika kumkataa kwa mdomo wake. Nikatelezesha kidole, sauti ikafutika.

"Imeenda?" aliuliza.

"Imeenda," nilisema.

Akavaa kofia, akamshukuru Mama Hawa, akarudi Nakivale na gari la mchana.

Tangu siku hiyo alikuwa akiniuliza. Mwanzoni kila Jumapili, baadaye kila mwezi, halafu mara moja moja tu, tukiwa peke yetu: yule kijana amejibu? Nami nilimwambia bado, anashauriana na watu wake, maana ndilo jibu pekee ambalo mzee kama yeye angeliheshimu. Aliitikia kwa kichwa. Walikuja wengine kunichumbia, wawili, watu wazuri, na wote aliwarudisha kwa adabu akisema kuna neno tulilolituma ambalo halijajibiwa, na si vizuri kuwa na maneno mawili. Nilimsikia anavyowaambia. Nilikuwa jikoni. Wakati ule ningeweza kutoka na kusema hakuna neno lolote lililotumwa, na sikutoka, na sijui hata leo kama nilikuwa namhurumia au namlipiza kisasi. Nadhani yote mawili, na siku nyingine zaidi la pili.

Alipougua, mwaka jana, nilikaa naye. Siku tatu kabla hajafa alifungua macho, akaniuliza kama Thierry amejibu. Chumbani tulikuwa wawili, na akili yake ilikuwa safi kabisa. Nikamwambia, "Bado, baba mukubwa." Akanishika mkono, akaniambia nisikasirike, kijana ni mwema, atajibu, tumpatie muda.